Seva ya Barua Pepe Imerejeshwa, Lakini Je, Inafanya Kazi? Mwongozo Kamili wa Kutafuta Kasoro Baada ya Zoezi la Kurejesha Bekapu

Mazoezi mengi ya kurejesha bekapu huishia mapema mno. Mashine imewaka, mtu ameingia kwa SSH (njia ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali), ripoti inaandikwa "imefaulu", watu wanakwenda chakula cha mchana. Hakuna aliyefungua kisanduku cha mhasibu kuona kama barua za wiki iliyopita zimo, wala aliyetuma barua moja kuona kama inafika.

Mwongozo huu unahusu mpangilio unaopatikana kwenye ofisi nyingi zinazoendesha barua pepe zao wenyewe: Postfix ya kupokea na kutuma, Dovecot ya kusomea, barua zimehifadhiwa kwa Maildir (kila barua na faili yake) chini ya `/var/vmail`, orodha ya watumiaji iko kwenye hifadhidata ya MariaDB, na vyote viko juu ya Linux ya Debian au Ubuntu. Ukitumia mfumo mwingine, amri zitabadilika ila mpangilio wa kazi utabaki uleule.

Jambo la kushika tangu mwanzo: seva iliyorejeshwa haijui kwamba iko kwenye majaribio. Inajiona ndiyo yenyewe. Ina foleni ya barua za siku ya bekapu, ina nywila za kweli, ina kazi za cron (zinazojiendesha kwa ratiba), na ikipata njia ya kutoka itaanza kazi palepale. Kwa hiyo kabla ya kutafuta kasoro yoyote, inyamazishe.

Hatua ya 1: Inyamazishe kabla haijasema neno

Iwashe mara ya kwanza ikiwa kadi yake ya mtandao imechomolewa kwenye seva mama (ile inayoibeba mashine hii pepe). Usitegemee fayawoli iliyo ndani ya mashine yenyewe, kwa sababu nayo imetoka kwenye bekapu na hujui iko katika hali gani. Ukishaingia kupitia konsoli:

```
systemctl stop postfix dovecot
systemctl disable --now certbot.timer
postsuper -s
postsuper -h ALL
postconf -e 'soft_bounce = yes'
postconf -e 'defer_transports = smtp'
postconf -e 'maximal_queue_lifetime = 30d'
```

Amri ya `postsuper -s` watu wengi huiruka. Kwenye Postfix ya zamani, au pale `enable_long_queue_ids` iliposetiwa `no`, jina la faili ya foleni hutokana na namba ya inodi (kitambulisho cha faili kwenye diski) ya faili hiyo. Ukirejesha foleni kwenye diski nyingine, namba za inodi zinabadilika na majina hayalingani tena. Amri hii inayasahihisha, na inatakiwa kuendeshwa kabla Postfix haijawashwa. Baada yake, `-h ALL` inaziweka barua zote kwenye hali ya kushikiliwa ili zisiende popote.

Kwa nini kuongeza `maximal_queue_lifetime`? Kwa kawaida Postfix huishikilia barua isiyofika kwa siku 5, kisha humrudishia mtumaji. Saa ya seva ikishasahihishwa, barua iliyokuwa foleni tangu bekapu ya wiki iliyopita inahesabiwa kuwa imepitwa na wakati. Wateja wako wanaanza kupokea taarifa za "barua yako haikufika" kutoka kwenye mashine ambayo wewe unaiita ya majaribio.

`soft_bounce` hugeuza ukataaji wa kudumu kuwa wa muda. `defer_transports`, inayozuia barua zisitoke kwa SMTP (itifaki ya kutumiana barua), nayo ina tundu lake: inazuia tu mpaka mtu aandike `postqueue -f`. Mwambie kila aliye kwenye zoezi asiiguse amri hiyo.

Halafu tafuta wasemaji wengine waliojificha. Pitia `crontab -l` ya kila mtumiaji pamoja na `/etc/cron.d`. Kama ofisi yenu inatumia fetchmail kuvuta barua kutoka kwa mtoa huduma, izime kwanza kuliko kitu chochote: kwa chaguo-msingi fetchmail hufuta barua kule ilikozitoa baada ya kuzivuta. Nakala ya majaribio ikifanya hivyo, barua za kweli za leo zitaishia kwenye mashine utakayoifuta kesho. Hapo zoezi la maafa limezaa maafa.

Sasa unganisha mashine kwenye mtandao pepe uliotengwa, wenye anwani za IP zisizogongana na za seva halisi, na uzuie kwenye seva mama poti za 25, 465 na 587 zisitoke nje.

Hatua ya 2: Saa, diski, mtandao

Anza chini. Nimeona watu wakihangaika na mipangilio ya Dovecot kwa nusu siku wakati diski imejaa.

Saa: `timedatectl`. Mashine iliyorudishwa kutoka kwenye snapshoti (picha ya hali yake ya wakati fulani) inaweza kuamka na saa ya zamani, na kwenye mtandao uliotengwa haina pa kuuliza saa sahihi. Saa ikikosea, vyeti vinaonekana havijaanza kutumika au vimeisha, na logi za Postfix na Dovecot zinakuwa ngumu kulinganisha. Irekebishe Dovecot ikiwa imezimwa, kwa sababu haipendi saa inayorudi nyuma wakati inafanya kazi.

Diski: angalia `df -h`, kisha angalia `df -i`. Maildir huweka kila barua kwenye faili yake, na mfumo wa faili wa ext4 hupanga idadi ya inodi siku diski inapofomatiwa. Ukitengeneza diski mpya kwa mpangilio tofauti na wa awali, unaweza kubaki na nafasi tele ya gigabaiti na usiwe na inodi hata moja. Nafasi ya diski ikipungua chini ya kiwango, Postfix itawajibu wanaotuma kwa `452 4.3.1 Insufficient system storage`.

Kumbukumbu: mashine za akiba mara nyingi hupewa RAM ndogo kuliko ya awali. ClamAV, kichujio cha virusi, peke yake inahitaji zaidi ya gigabaiti 1. Kama clamd, huduma yake, inakufa bila maelezo, tazama `dmesg` uone kama kernel ndiyo iliyoiua.

Mtandao: jina la kadi ya mtandao huenda limebadilika, kutoka `ens18` kwenda `enp1s0` kwa mfano, na faili za netplan (mipangilio ya mtandao) bado zinataja la zamani. Ukishasahihisha hilo, tazama Postfix inaamini nini kuhusu yenyewe:

```
postconf inet_interfaces mynetworks myhostname mydestination relayhost
```

Kama `inet_interfaces` imeandikwa anwani ya IP ya zamani, Postfix itakataa kuwaka na logi itasema `Cannot assign requested address`. Kama `mynetworks` ni ya mtandao wa zamani, itawaka vizuri lakini printa na mifumo ya ndani isiyotumia nywila itakataliwa kwa `Relay access denied`.

Kuna mtego mmoja wa Debian na Ubuntu unaowazungusha hata wazoefu. Amri ya `dig` inajibu sawasawa, lakini Postfix inasema `Host or domain name not found. Name service error`. Sababu ni kwamba kwenye matoleo mengi Postfix hufanya kazi ikiwa imefungiwa ndani ya `/var/spool/postfix`, na humo ina nakala yake ya `etc/resolv.conf`. Nakala iliyorudi kutoka kwenye bekapu inataja seva za DNS za mtandao wa zamani. Linganisha faili mbili hizo, kisha fanya `systemctl restart postfix` ili nakala itengenezwe upya. `reload` haitoshi.

Hatua ya 3: Nani anamiliki faili

Hapa ndipo penye matatizo mengi, hasa kama hukurejesha mashine nzima bali ulisimika mfumo mpya kisha ukamwaga data juu yake.

Linux haijui jina `vmail`, inajua namba. Kwenye seva ya zamani `vmail` inaweza kuwa 5000, kwenye mpya ikapewa 1001. Tar na rsync, zikiendeshwa na root bila maelekezo mengine, hufuata jina kama jina hilo lipo, kwa hiyo faili zinapata mmiliki 1001 na ukiangalia kwa `ls -l` kila kitu kinaonekana sawa. Lakini swali la SQL ambalo Dovecot hutumia kumtambua mtumiaji mara nyingi limeandikwa namba moja kwa moja, `5000 AS uid`. Dovecot inaingia kama 5000, faili ni za 1001, mlango umefungwa. Logi itakuambia wazi:

```
failed: Permission denied (euid=5000(<unknown>) ... missing +x perm: /var/vmail ...)
```

Isome logi hiyo hadi mwisho wa mstari. Inataja namba iliyojaribu kuingia, ruhusa inayokosekana na saraka yenyewe. Suluhisho zuri ni kuipa `vmail` namba yake ya zamani, sio kubadili SQL:

```
groupmod -g 5000 vmail
usermod -u 5000 -g 5000 vmail
chown -R vmail:vmail /var/vmail
```

Kwa zoezi lijalo, tumia `--numeric-owner` kwa tar au `--numeric-ids` kwa rsync, na ziandike namba hizo kwenye karatasi ya zoezi.

Usijaribu `chmod -R 777`. Itaonekana imetibu, kisha OpenDKIM, inayotia saini barua, itakataa ufunguo wake kwa kuwa unasomeka na kila mtu, na utakuwa na matatizo mawili badala ya moja.

Kwa upande wa Postfix kuna amri zake maalumu:

```
postfix set-permissions
postfix check
```

Hizi zinarudisha, pamoja na mengine, alama ya setgid (ruhusa ya kuendeshwa kwa haki za kundi) kwenye programu ya `postdrop`. Ikipotea, barua zinazotumwa na programu za ndani zinakwama na `mail_queue_enter: create file maildrop/...: Permission denied`, huku zile zinazoingia kwa SMTP zikipita bila shida. Kwenye Red Hat na ndugu zake, ongeza `restorecon -Rv /etc/postfix /var/spool/postfix /var/vmail`.

Hatua ya 4: Washa kwa mpangilio, soma logi

Washa MariaDB kwanza, kisha Redis (hifadhi ya data ya Rspamd) na Rspamd (kichujio cha barua taka) au OpenDKIM, halafu Dovecot, na Postfix mwisho. Sababu ya Dovecot kutangulia ni kwamba ndiyo inayotengeneza soketi (mlango wa mawasiliano kati ya programu) ya `private/auth` ambayo Postfix hutumia kuhakiki nywila. Usipofuata mpangilio huo utaona `SASL: Connect to private/auth failed: No such file or directory`, ufikirie ni kasoro kubwa kumbe ni mpangilio wa kuwasha tu.

Tangu Debian 12, rsyslog (inayoandika logi kwenye faili) haisimikwi yenyewe, kwa hiyo usishangae `/var/log/mail.log` haipo. Fungua terminali ya pili na uiache hivi:

```
journalctl -f -u 'postfix*' -u dovecot
```

Ukiona `451 4.3.0 Temporary lookup failure`, Postfix imeshindwa kusoma moja ya jedwali zake. Iulize moja kwa moja:

```
postmap -q juma@kampuni.example mysql:/etc/postfix/mysql-virtual-mailbox-maps.cf
```

Ikijibu njia ya kisanduku, jedwali hilo ni zima, nenda kwenye lingine. Ikisema `Access denied`, basi bekapu ya hifadhidata ilichukua data ya barua pekee. Akaunti za MariaDB na ruhusa zao hukaa kwenye hifadhidata ya mfumo iitwayo `mysql`, na `mysqldump` ya hifadhidata moja haizibebi. Itengeneze akaunti upya kwa nywila iliyo ndani ya faili hiyo ya `.cf`, kisha uongeze ruhusa hizo kwenye orodha ya vitu vya kubekapu. Ikiwa `postmap` inajibu vizuri lakini Postfix bado inalalamika, tazama kama faili inasema `hosts = localhost`. Neno hilo huifanya itafute soketi ya MariaDB, ambayo haionekani kutoka ndani ya kifungo cha Postfix. Andika `127.0.0.1`.

Kwa jedwali za faili, `postmap` na `newaliases` zinazijenga upya. Fanya hivyo hata kama hazilalamiki, ni kazi ya sekunde.

Ukiona `451 4.7.1 Service unavailable` pamoja na onyo la `connect to Milter service`, kichujio kimoja hakijawaka. Poti ya 11332 kwa kawaida ni Rspamd. 8891 mara nyingi ni OpenDKIM. Kwa ClamAV, kumbuka watu wengi huiondoa `/var/lib/clamav` kwenye bekapu ili kuokoa nafasi, na clamd haiwaki bila hifadhi ya saini za virusi. Kwenye mtandao uliotengwa freshclam haiwezi kuzishusha. Zinakili kutoka seva halisi.

Na kama umesimika Debian 13 kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu: inakuja na Dovecot 2.4, na mipangilio ya 2.3 haisomeki humo. Toleo jipya linadai mstari wa `dovecot_config_version` mwanzoni kabisa, na majina mengi ya mipangilio yamebadilika. Siku ya maafa si siku ya kuhamia toleo jipya. Simika toleo lilelile la zamani, uhame baadaye kwa nafasi yako.

Hatua ya 5: Visanduku vyenyewe

Mtumiaji kuingia si mwisho. Jaribu kuingia kwanza bila programu ya barua:

```
doveadm auth test juma@kampuni.example
doveadm mailbox status -u juma@kampuni.example messages '*'
```

Linganisha idadi hiyo na ya seva halisi. Tofauti inapaswa kulingana na barua zilizoingia au kufutwa tangu bekapu. Ikiwa folda nzima inaonyesha sifuri, tazama kama faili zipo kweli ndani ya `cur`. Bekapu iliyopitia diski ya Windows ina hatari ya pekee: majina ya faili za Maildir hubeba alama ya nukta mbili, kama `:2,S`, na Windows haikubali nukta mbili kwenye jina. Alama hizo zikiharibika, barua zote zinaonekana hazijasomwa.

Faili ya kulinda kuliko zote ni `dovecot-uidlist`. Humo ndimo Dovecot hutunza namba za kila barua na namba ya utambulisho ya folda nzima, UIDVALIDITY. Ikikosekana, Dovecot hutengeneza mpya bila kelele na wewe kwenye seva huoni tatizo. Lakini kila simu na kila Thunderbird ikiunganishwa itatambua kuwa namba imebadilika, itatupa ilichokuwa imehifadhi na kushusha barua zote upya. Ofisi ya watu mia, kila mmoja na gigabaiti kadhaa, asubuhi moja, kwenye laini moja ya intaneti: huduma "imerudi" na hakuna anayeweza kuitumia. Hakikisha kwa kulinganisha namba baada ya herufi V kwenye mstari wa kwanza wa faili hiyo, hapa na kule:

```
head -1 /var/vmail/kampuni.example/juma/Maildir/dovecot-uidlist
```

Faili za faharasa, `dovecot.index*`, ni habari nyingine. Kwenye Maildir unaweza kuzifuta, zitajengwa upya. Kwenye sdbox na mdbox, aina nyingine za hifadhi za Dovecot, usithubutu, maana huko ndiko ziliko alama za barua zilizosomwa. Kama faharasa zimeharibika, tumia `doveadm force-resync -u juma@kampuni.example '*'`, na kama ujazo wa visanduku unaonyesha namba za ajabu, `doveadm quota recalc -u` ukiongeza jina la mtumiaji.

Hatua ya 6: Vyeti

Vyeti vya Let's Encrypt vimezoeleka kudumu siku 90, kwa hiyo bekapu ya zamani ina cheti kilichokwisha. Hilo si kasoro ya kurejesha, liandike tu. Kasoro ni pale `/etc/letsencrypt/live` iliporejeshwa bila `/etc/letsencrypt/archive`: vilivyomo kwenye `live` ni viungo vinavyoelekeza `archive`, na bila hiyo vinaelekeza hewani. Jaribu hivi:

```
openssl s_client -connect 127.0.0.1:993 -servername mail.kampuni.example
openssl s_client -starttls smtp -connect 127.0.0.1:587
```

Usiombe cheti kipya ukiwa kwenye zoezi. Let's Encrypt hutoa vyeti 5 tu kwa seti ileile ya majina ndani ya siku 7, na ukivimaliza kwa majaribio, seva halisi itakosa siku itakapohitaji. Tumia `certbot renew --dry-run`.

Hatua ya 7: Tuma na upokee

Kwenye mtandao uliotengwa weka mashine ndogo ya kupokea kila kitu. Postfix inakuja na programu ya kazi hiyo:

```
smtp-sink -u nobody -c 10.99.0.9:25 100
```

Kisha kwenye seva unayoijaribu (swaks ni programu ya kutuma barua za majaribio):

```
postconf -e 'relayhost = [10.99.0.9]'
postconf -X defer_transports
postfix reload
swaks --server 127.0.0.1 --port 587 --tls --auth-user juma@kampuni.example \
  --from juma@kampuni.example --to mtu@nje.example
```

Kama una `transport_maps` (jedwali la njia za kupitisha barua), ipitie kwanza, kwa kuwa inatangulia `relayhost`. Barua za foleni ya zamani ziache palepale zilipo. Fanya majaribio manne: ndani kwenda ndani, ndani kwenda nje, nje kuja ndani kwa poti 25, na nje kwenda nje bila nywila. Hilo la mwisho lazima likataliwe. Kwa kuwa `soft_bounce` bado imewashwa, jibu litaanza na 4 badala ya 5. Usidhani ni kosa.

Mambo ambayo zoezi hili halitakuonyesha

Siku ya maafa ya kweli, anwani ya IP mpya itahitaji rekodi ya PTR (inayotoa jina la anwani hiyo), na itabidi iwemo kwenye SPF (orodha ya anwani zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lenu). Bila hizo Gmail itakukataa hata kama Postfix yako ni nzima kabisa. Watoa huduma wakubwa wa wingu, AWS na Google Cloud wakiwemo, huzuia poti 25 kutoka nje kwa chaguo-msingi. Waulize sasa, si siku hiyo. Punguza pia mapema TTL (muda wa kukumbukwa) ya rekodi ya MX (inayoelekeza barua zenu ziende seva gani).

Kwa upande wa barua zinazoingia una nafasi ya kupumua: RFC 5321, kanuni ya SMTP, inataka seva inayotuma iendelee kujaribu kwa angalau siku 4 hadi 5. Ukiwa chini kwa siku moja, barua nyingi zitachelewa tu. Kwa hiyo ni afadhali kuzima Postfix kabisa kuliko kuiwasha ikiwa na jedwali mbovu la watumiaji na `soft_bounce` imezimwa, kwani hapo itawaambia watumaji "mtu huyu hayupo" na hawatajaribu tena.

Foleni ya zamani siku hiyo iachie kidogo kidogo. Itazame kwa `postqueue -p`, futa zilizopitwa na wakati kwa `postsuper -d`, achia moja kwa `postsuper -H` na namba yake, tazama logi, ndipo uachie nyingine.

Mashine ya zoezi ukimaliza ifute siku hiyohiyo. Ndani yake mna barua halisi za watu halisi, na sheria ya ulinzi wa data ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022 zinazihusu hata zikiwa kwenye mashine ya majaribio. Futa pia snapshoti zake, diski iliyobaki kwenye seva mama, na lile faili la `mysqldump` uliloliacha kwenye `/tmp` ya laptopu yako.